Kipupwe: Safari hupangwa kwa mwinuko na upepo

Kipupwe nchini Tanzania huanza masika yanapokatika, mwanzoni mwa Juni, na kuendelea hadi mwisho wa Agosti. Mvua huwa chache karibu nchi nzima, barabara za vumbi hupitika, nyasi hukauka na wanyama husogea mitoni. Ndiyo maana miezi hii husifiwa kuwa bora kwa safari, na kwa sehemu kubwa sifa hiyo ni ya haki. Tatizo ni kwamba jina hilo moja hubeba hali zisizofanana hata kidogo. Usiku uleule wa Julai, mtu wa Kyela hujifunika shuka moja tu, huku wa Makete, mwendo wa saa chache kwa gari, akiamka na kukuta majani yamegandiwa na barafu. Anayepanga safari kwa kutazama kalenda peke yake hufika na nguo zisizofaa au hulipia hoteli upande wa bahari uliochafuka. Mambo mawili ndiyo huamua: mwinuko wa mahali kutoka usawa wa bahari, na iwapo mahali hapo panakabili upepo wa kusi au pamekingwa nao.

Chanzo chake kiko mbali. Mwezi Juni jua la utosi huwa limehamia kaskazini, kwenye Tropiki ya Kansa, na Tanzania, iliyo kati ya nyuzi 1 na 12 kusini mwa ikweta, hupokea miale iliyolala kidogo. Wakati huohuo, kusini mwa Bahari ya Hindi, kwenye eneo la visiwa vya Mascarene, hujengeka mgandamizo mkubwa wa hewa unaosukuma upepo wa ubaridi kuelekea pwani ya Afrika. Huo ndio kusi. Huanza kujitokeza Aprili, hupata nguvu kati ya Juni na Agosti, kisha hulegea polepole mpaka upepo wa kaskazi ushike zamu mwishoni mwa mwaka. Manahodha wa majahazi ya Omani na Ghuba walipanga maisha yao kwa zamu hiyo: walikuja na kaskazi, wakarudi na kusi, tena wakiepuka kuwa baharini ulipokuwa mkali kupita kiasi. Upepo wenyewe hauishii hapa. Hukata ikweta, hupinda kuelekea mashariki, huipelekea India mvua zake za monsuni, na njiani huifunika milima ya Dhofar, kusini mwa Omani, kwa ukungu na manyunyu. Ndiyo sababu watu wa Ghuba humiminika Salalah miezi hiyohiyo kukimbia joto la kwao.

Kuhusu mwinuko, kanuni ya kukadiria ni rahisi: kila mita 1,000 za kupanda, joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Usiku wa Julai jijini Dar es Salaam huwa na nyuzi kama 19. Arusha, kwenye mita 1,400, hushuka hadi 12 au 13. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000, na hesabu hiyo ingeupa nyuzi 7, lakini mara nyingi baridi yake huizidi hesabu. Anga la kipupwe likiwa jeupe, ardhi hupoteza joto haraka baada ya jua kuzama, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka vilimani na kutuama mabondeni. Hapo ndipo jalidi hufanyika. Wakulima wa chai wa Njombe na Mufindi hawahitaji kufundishwa jambo hili: miche iliyo bondeni huamka imeungua kana kwamba imepitiwa na moto, ilhali ile ya mgongoni mwa kilima, hatua chache juu, imesalimika. Mgeni anaweza kutumia elimu hiyohiyo anapochagua mahali pa kulala au kupiga hema. Bondeni karibu na mto pana mandhari nzuri, lakini alfajiri yake ni adhabu.

Baridi ya Nyanda za Juu Kusini ina saa zake. Huuma zaidi kuanzia saa kumi usiku hadi jua linapopanda, yaani saa mbili asubuhi hivi. Saa sita mchana jua huwa kali, watu wamevua makoti, na asiyezoea anaweza kuungua uso bila kuhisi kwa sababu hewa inampuliza. Kwa hiyo koti moja zito halisaidii kama nguo kadhaa za kuvaliwa moja juu ya nyingine na kupunguzwa kadiri siku inavyopata joto: fulana, shati la mikono mirefu, sweta, na juu yake koti jepesi lisilopitisha upepo. Soksi nene na kofia ya sufu ya kufunika masikio ni vya lazima. Hakuna haja ya kuvinunua dukani kwa bei ya kutisha. Mitumba ya Karume, Ilala, ina makoti yaliyoshonewa baridi ya Ulaya, na mkazi wa Dar es Salaam asiye na safari hana sababu ya kuyagombea.

Gesti nyingi za Njombe na Makete hazina hita. Kabla ya kulipia chumba inafaa kuuliza maswali mawili: kitanda kina blanketi ngapi, na maji ya moto hutoka bombani au huletwa kwa ndoo. Ndoo si dharau. Maji yake mara nyingi huwa ya moto kuliko ya bomba. Jambo lisilofaa kukubaliwa ni jiko la mkaa kuingizwa chumbani usiku ili kuleta joto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Jiko lisilotoa moshi ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu watu hudhani hatari iko kwenye moshi. Jiko lipashe joto sebule yenye dirisha wazi, kisha litolewe nje kabla watu hawajaingia kitandani.

Upepo nao una kanuni yake. Kusi ukibeba unyevu wa bahari au wa ziwa na kukutana na mlima, hewa hulazimika kupanda, hupoa na kuwa mawingu. Upande unaoukabili huwa na ukungu na manyunyu hata katikati ya kiangazi, na upande wa nyuma hubaki mkavu. Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, hupokea unyevu wa Ziwa Nyasa na haikauki sawasawa. Miteremko ya Usambara inayotazama bahari huwa ya kijani, huku Mkomazi, nyuma ya milima, ikiwa nchi ya miiba. Anayekwenda Lushoto Julai abebe mwavuli pamoja na sweta.

Kanuni hii ndiyo pia huwasononesha wanaofika Moshi kuuona Mlima Kilimanjaro. Julai mlima unaweza kujificha siku nzima nyuma ya blanketi la mawingu ya chini, na mji ukashinda bila jua. Nafasi nzuri ya kuuona kutoka mjini ni alfajiri, na wakati mwingine jioni, mawingu yanapofunguka. Wapandaji hawana shida hiyo, kwani wakishapita msitu huyaacha mawingu chini yao na kukutana na anga safi, na hivyo kipupwe ni mojawapo ya misimu mikuu ya kupanda. Usiku wa kuelekea kilele, kwenye mita 5,895, kipimajoto huweza kushuka nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Mavazi ya Njombe hayatoshi huko, na vifaa vya kukodi Moshi vikaguliwe siku moja kabla, hasa zipu za mifuko ya kulalia na soli za viatu.

Pwani, baridi si hoja. Mchana wa Dar es Salaam au Zanzibar hubaki kwenye nyuzi 28 au 29, jasho hupungua, na bahari yenyewe huwa na nyuzi 25 hivi, yaani ya kuburudisha kwa anayeoga na ya kutetemesha kwa mtoto aliyekaa majini saa nzima. Hoja ni upande. Kusi hupiga moja kwa moja mashariki ya Unguja, kwenye fukwe za Paje, Jambiani na Bwejuu. Kwa wachezaji wa mbao zinazovutwa na tiara kubwa, hiyo ndiyo sikukuu, na Paje hujaa wao. Kwa familia inayotaka maji tulivu, Nungwi na Kendwa, upande wa kaskazini, zimekingwa vizuri zaidi, na huko maji hayakupwi mbali kama mashariki, ambako kwa saa kadhaa za siku mtu hutembea juu ya mchanga na mwani kabla ya kufika penye kina cha kuogelea. Jedwali la kupwa na kujaa litazamwe kabla ya kulipia hoteli.

Boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja huchukua saa mbili hivi, na katika kipupwe saa hizo zinaweza kuwa ndefu. Mawimbi hupiga ubavuni mwa chombo, mabaharia hugawa mifuko, na waliokula chapati na supu bandarini hujuta. Safari ya asubuhi kwa kawaida huwa tulivu kuliko ya alasiri. Viti vya chini, katikati au kuelekea nyuma, huyumba kidogo kuliko vya mbele, na dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe, kisha tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa kadiri hali inavyojitokeza. Tahadhari ikitolewa, ratiba ya Pemba au Mafia iahirishwe bila mjadala. Vyombo vidogo vya huko havifai kujaribiwa siku hiyo.

Wavuvi wa ngalawa pia hutoka mara chache, kwa hiyo samaki wa miambani hupanda bei. Fidia yake inapita nje ya miamba: kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu, waliotoka maji ya karibu na Antaktika, hupita pwani ya Afrika Mashariki kuzaa na kulea. Huonekana Mtwara, Zanzibar na hata Watamu nchini Kenya. Ajabu ni kwamba bado watalii wa ndani wachache mno huwaulizia.

Mbugani ndiko kipupwe hutimiza ahadi yake karibu yote. Mimea imepungua majani, maji yamebaki mahali pachache, na mnyama hana budi kujitokeza. Tarangire hujaa tembo wanaofuata mto ulioipa hifadhi jina lake. Katavi, ambako Mto Katuma hunywea na kuwa madimbwi, viboko husongamana hadi tope halionekani. Ruaha na Nyerere hufunguka tena baada ya barabara zake kukauka. Juni na Julai msafiri atakuta pia maeneo meusi yaliyoungua. Mengi si majanga bali ni uchomaji wa mapema unaofanywa makusudi ili moto wa Septemba na Oktoba usikute nyasi nyingi. Jambo la kukera ni mbung'o, hasa Tarangire, Katavi na magharibi ya Serengeti. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na jinzi ndiyo nguo yao waipendayo. Khaki si mbwembwe za wazungu.

Serengeti yenyewe inahitaji ramani. Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763, na nyumbu zaidi ya milioni moja hawakai mahali pamoja. Juni makundi huwa yakielekea magharibi, kwenye Mto Grumeti. Kuanzia Julai hadi Septemba mengi huwa kaskazini, eneo la Kogatende, yakivuka Mto Mara kwenda na kurudi kati ya Tanzania na Maasai Mara ya Kenya. Aliyepanga malazi Ndutu, kusini, kwa sababu aliona picha za ndama wakizaliwa, alipaswa kuja Januari au Februari. Kogatende pia si karibu na lango la Naabi; kutoka hapo ni saa nyingi za barabara ya matuta, na kuipanga safari hiyo kwa siku moja kutoka Arusha ni kujitesa. Njiani kuna ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 hivi, ambako asubuhi ya Julai ukungu huwa mzito kiasi kwamba shimo la kreta, lenye kina cha mita 600, halionekani kabisa. Magari hushuka alfajiri yakiwa na paa lililofunguliwa. Blanketi la Kimasai hapo hufanya kazi kuliko koti la mjini.

Yapo mambo ambayo kipupwe hakina, na matangazo huyachanganya. Maua ya Kitulo, uwanda wa mita 2,600 uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, huchanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Julai kuna nyasi za manjano, upepo na baridi. Papa potwe wa Mafia huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Machi. Embe hakuna. Machungwa ya Muheza, kwa bahati, huwa tele.

Gharama ndiyo sehemu chungu. Julai na Agosti ni likizo za Ulaya na Marekani, kwa hiyo hoteli za Zanzibar na kambi za kaskazini hutoza bei ya juu ya mwaka, na kambi nzuri karibu na Mto Mara hujaa miezi mingi kabla. Mtanzania ana nafuu mbili ambazo wengi hawazitumii. Kwanza, ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya anayolipa mgeni kwa dola. Hapo kitambulisho huhitajika, naye aliyesahau cha NIDA nyumbani hujikuta akibishana getini bila msaada. Pili, hoteli nyingi zina bei ya wakazi isiyowekwa kwenye mtandao. Hupatikana kwa kupiga simu na kuiulizia kwa jina. Ada za hifadhi hulipwa kwa kadi au namba ya malipo, si kwa fedha taslimu. Na anayekwenda Serengeti kwa kupitia Ngorongoro alipe mamlaka mbili, kwa sababu Ngorongoro haiko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA).

Kwa wanaosafiri kwa basi, msongamano una tarehe zake: shule zinapofungwa Juni na zinapofunguliwa Julai. Sabasaba hujaza gesti za Dar es Salaam, Nane Nane hujaza za miji yenye maonesho ya wakulima, na Mwaka Kogwa huvuta watu Makunduchi mwezi Julai. Tiketi na chumba vikamatwe mapema kwa siku hizo. Treni ya umeme, inayofika Morogoro na Dodoma tangu 2024, imepunguza adha ya kutoka jijini, ingawa Morogoro hadi Mikumi bado ni barabara.

Mbu hupungua kwenye baridi ya milimani, lakini tambarare Juni bado ni mwezi wa malaria, kwani mazalia ya masika hayajakauka. Chandarua kibaki kwenye orodha. Vumbi na upepo mkavu wa Dodoma na Ruaha hupasua midomo na kuamsha pumu, hivyo mafuta ya mgando na dawa ya kuvuta kwa wenye pumu viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi.

Njia inayokusanya haya yote ni ya Nyanda za Juu Kusini. Kutoka Dar es Salaam, barabara hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, hupanda Kitonga na kufika Iringa, ambako koti hutolewa kwenye begi. Siku mbili za Ruaha huhitaji tena mikono mifupi mchana, kwa kuwa hifadhi iko chini sana kuliko mji. Kisha Makambako na Njombe, usiku wa blanketi tatu. Makete na Kitulo kwa anayependa upweke kuliko maua. Halafu Mbeya, na kuteremka kupitia manyunyu ya Tukuyu hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya mita 500, ambako nguo zote nzito hurudi begini. Upepo wa kusini hukimbia urefu wote wa ziwa na kurundika mawimbi upande huo wa kaskazini, kwa hiyo kuogelea na mitumbwi ni kwa asubuhi. Juma la pili hadi la tatu la Juni ndilo linalofaa zaidi kwa mzunguko huu: matope ya masika yameisha na watalii wa nje hawajajaa. Asiyeweza Juni asubiri Septemba, kusi unapolegea na wazee wa pwani kuanza kuzungumzia demani, ila akumbuke kwamba kufikia hapo Ruaha inakuwa na joto, na mablanketi ya Njombe yamebaki mawili.